Mama Ratili Apima Nyumba

Tuliingia mji ule nikiwa nimepakata mawe ya mizani. Basi langu lilikuwa limefia kwenye mlima, abiria wakatawanyika kila mmoja na bahati yake, na bahati yangu ikawa pikapu nyeupe iliyochubuka, na mwanamke wa makamo aliyeshusha kioo akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia popote penye stendi.

"Haya, panda. Lakini kwenye kiti hicho wamekaa wanangu. Utawapakata."

Wanawe walikuwa vipande vya chuma vilivyoviringishwa kwenye flana, vikubwa kwa vidogo, na kila tulipoingia shimoni vilinikumbusha kwamba nina mapaja. Mwenyewe hakuonyesha huruma. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ukapekua: mara redio, mara miwani, mara chupa ya maji ambayo hakuinywa. Nimesafiri na watu wengi wasiotulia, nami ni mmoja wao, lakini huyu aliweza kuzurura akiwa amekaa.

Barabarani wanamwita Mama Ratili, kwa kipimo cha zamani ambacho hata wauza nyama wamekisahau. Ni fundi wa mizani. Anazunguka soko hadi soko, ghala hadi ghala, akifungua mizani zilizokwama, akizisafisha, akizirudisha kwenye haki yake. Ufundi huo aliupata kwa marehemu mumewe. Mwanzoni alikuwa mbeba mawe tu. Mume alipoanza kutetemeka, yeye akawa mikono yake, na mume alipofariki wateja hawakuona tofauti yoyote, ila kwamba sasa mizani zao zilirudi pamoja na matusi.

"Marehemu alikuwa mpole," aliniambia. "Akikuta sumaku imebandikwa chini ya sahani, anaiondoa kimya kimya, anaificha mfukoni, anamwonea mtu haya. Mimi naitoa mbele ya wateja."

"Hawakufukuzi?"

"Muuza nyama mmoja alinikimbiza na shoka mpaka mtaa wa pili. Siku hizi nikichelewa, yeye ndiye wa kwanza kupiga simu. Anasema wateja hawamwamini mpaka waone nimepita."

Akapunguza mwendo. Pembeni mwa barabara palikuwa na maduka ya matairi, kinyozi, na ukuta mrefu wa mabati ambao nyuma yake yalichungulia mapaa ya malori yasiyo na vioo.

"Tunapitia kwa shemeji yangu kwanza," akasema. "Kuna nyumba nakuja kuipima."

Nilidhani anasema habari ya kiwanja. Kumbe nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya yadi ya magari mabovu, imekaa juu ya magogo, imefunikwa turubai la buluu lililopigwapigwa na upepo kama linataka kuondoka.

Mwenye yadi, mdogo wa marehemu, alitoka chini ya gari akijifuta mikono kwenye tumbo. Kila mtu pale alimwita Kutu.

"Shemeji! Bado hujafa?"

"Nife nimwachie nani kazi ya kukusema? Umenenepa. Njoo nikuweke kwenye mzani tujue kama bado unauzika."

"Na huyu uliyemleta? Ndiyo umeolewa huko?"

"Huyu mzigo. Basi lake limekufa, nimemwokota."

Nilipewa ndoo nikae. Mama Ratili hakukaa. Tayari alikuwa anafungua kamba za turubai, na Kutu anamfuata nyuma akieleza. Wasafiri wawili, mke na mume kutoka mbali, walikuwa wamekipakia kijumba kile mgongoni mwa pikapu yao, wakazunguka nacho nchi nzima, wakilala humo na kupika humo, mpaka siku walipopita chini ya tawi ambalo halikuwajali. Paa lilipasuka kwenye kona ya mbele. Gari lilitengenezwa likauzwa. Kijumba hakikupata mtu, kikaishia kwa Kutu pamoja na milango na injini za watu wengine.

Turubai lilipoanguka niliona kwa nini mwanamke huyu alikuwa hatulii tangu mlimani. Kilikuwa kizuri. Nje kimevikwa bati jepesi lenye mikunjo myembamba. Mbele kitanda kilichojitokeza ili kikae juu ya paa la dereva. Ndani meza ya kukunja, jiko la gesi la meko mawili, makabati yenye vifungo ili vyombo visiruke, na dirisha dogo pembeni lenye pazia ambalo mtu fulani alilishona kwa upendo. Kutu alikuwa ameziba pasuko kwa lami, akapigilia plaiwudi mpya ndani, akapaka rangi nyeupe. Mlango ulifungwa kwa ndani, na kufuli lake lililia vizuri: klak.

Mama Ratili aliufunga na kuufungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kufuli lile lilikuwa na maana yake, naye alinieleza akiwa amekaa kwenye kizingiti cha kijumba, miguu ikicheza hewani. Msimu wa mvua uliopita alishikwa na homa katika nyumba ya wageni ya mji ambao hana ndugu. Alilala humo akiweweseka, na aliyegundua si mtu aliyemjali, ni mfagiaji aliyedhani mgeni ametoroka na shuka. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alisafiri usiku kucha kuja kumchukua.

"Akanitunza mpaka nikasimama," akasema. "Nilipotaka kuondoka akakaa mlangoni. Akaniambia, mama, mimi sitaki siku moja niitwe na polisi nikatambue mkoba wako."

"Ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Mkoba wenyewe alinunua yeye."

Wakapatana. Mama akipata mahali pake mwenyewe pa kulala, penye kitanda kikavu na mlango unaofungwa kwa ndani, azunguke mpaka achoke mwenyewe. Asipopata kabla ya mvua kurudi, anahamia kwa binti, na mawe ya mizani yanakaa kabatini. Ndipo Kutu alipotuma picha ya kijumba. Lakini binti alimjua mama yake. Alisema, ukikipenda utaniambia ni kizima hata kikiwa tenga.

"Nikamwambia, sitasema mimi. Itasema mizani."

Kutu alicheka, lakini alinifafanulia, maana kwa mgeni ni jambo la ajabu. Katika nyumba ya kaka yake kila ugomvi uliishia kwenye mizani. Nani kapewa nyama kubwa, nani kabeba kuni nyingi, nani kamaliza sukari. Baba hakuhukumu. Aliweka vitu kwenye sahani, sindano ikitulia, hakuna aliyefungua mdomo tena. Watoto walikua hivyo. "Hata posa ya binti yake," Kutu akasema, "nilihofia watampima bwana harusi."

"Tulimpima," Mama Ratili akasema. "Kwa macho."

Wazo lake la kupima nyumba lilikuwa jepesi kueleza. Karibu na mlango kulikuwa na kibati kilichopigwa ribiti, kimeandikwa uzito wa kijumba kilipotoka kiwandani. Bati nje, plaiwudi ndani, na katikati fremu ya mbao ambayo huwezi kuiona bila kubomoa. Adui wa kijumba kama hicho ni maji, na maji yakishaingia katikati ya kuta hayaonekani, lakini yana uzito. Basi kipime. Kikizidi kibati, ziada hiyo ni maji, na mbao zimeoza. Kikilingana, ni kikavu, na paa tu ndilo la kutengeneza.

"Maji yanaweza kujificha mbele ya macho," akasema. "Mbele ya mizani yatajificha wapi?"

Nilivutiwa. Nimewaona watu katika nchi kadhaa wakikagua nyumba kwa kugonga, kwa kunusa, hata kwa kuuliza majirani. Sijaona mtu akiiweka kwenye mizani.

Bei yao haikuwa ya fedha. Kama kijumba kitafaa, Mama Ratili angetunza mizani ya vyuma chakavu ya Kutu hadi mmoja wao azikwe. Kutu alisema kwa afya ya shemeji yake anajiona amekula hasara. Alisema hivyo huku akikagua tena kona aliyoiziba, akiifuta vumbi kwa kiganja. Alitaka sana kifae.

Kiwanda cha kusaga nafaka kilikuwa upande wa pili wa mji, na mizani yake ya kupimia malori aliitunza Mama Ratili mwenyewe. Tulipima pikapu ikiwa tupu, tukarudi. Wanaume wa yadi wakakiinua kijumba kwa jeki, pikapu ikarudishwa nyuma chini yake pole pole, Kutu akipiga kelele "Njoo! Njoo! Wewe njoo tu!" hata pale alipotakiwa kusema simama. Tukavuka mji tena, sasa tukiwa na nyumba mgongoni, na watu wa barabarani wakitutazama. Mama Ratili alinyoosha shingo. Nilimwona akijitazama kwenye vioo vya maduka.

Kwenye mizani alituamuru wote tushuke. Alizima injini. Upepo ulikuwa unavuma, akasubiri utulie. Akaingia kwenye kibanda cha karani, nasi tukabaki nje tumesimama kama ndugu wa mgonjwa.

Alitoka ameshika miwani mkononi.

"Sawa sawa," akasema. "Kibati na mizani, mapacha."

Kutu alipiga kofi hewani. Mama Ratili hakushangilia. Alitembea mpaka mwisho wa ukuta wa kiwanda, akarudi, akatembea tena, kisha akampigia binti yake palepale, vumbi la unga likimtua kichwani.

"Mizani imesema," alimwambia.

Sikusikia jibu lote. Nilisikia mwisho wake tu, kwa sauti nyembamba: "Haya, mama. Ikisema imesema."

Njia nzima kurudi yadini alikuwa akipanga. Hapa kitakaa kisanduku cha bisibisi. Pale patundikwe mizani za mkono. Angefika hata masoko ya nyanda za juu ambako hakuna nyumba za wageni, ambako wanapima viazi kwa ndoo na kuapiana. Alinitajia miji ambayo hajawahi kuifika kwa sauti ya mtu anayetaja vyakula akiwa na njaa. Nami, ninayeijua njaa hiyo, nilianza kumwonea wivu.

Seremala aliitwa kwa kazi ndogo tu, kuchukua vipimo vya pasuko la paa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni, na hakuwa na haraka. Alipanda, akapima, akashuka, akaingia ndani. Tulimsikia akigonga. Kisha kugonga kukakoma.

"Kutu," akaita. "Plaiwudi hii uliipigilia wewe?"

"Mimi. Msumari kwa msumari."

"Nitoe kipande?"

"Kwani kina nini?"

Alikitoa. Chini ya kitanda cha mbele, fremu ilikuwa nyeusi, imevimba. Seremala aliegemeza bisibisi tu, wala hakusukuma, nayo ikazama kama kwenye sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Maji yalitokeza kwenye tundu.

Mama Ratili aliyatazama maji yale. "Hapana," akasema. "Uzito ulilingana."

Seremala hakubishana naye. Alihamia nyuma, kwenye kona kavu, ile nzuri, upande uliokuwa umeegemea magogo. Akatoa kipande kingine cha plaiwudi. Humo hakukuwa na maji. Hakukuwa na mbao pia. Kulikuwa na vumbi laini na vijia vya udongo, na ganda la rangi nyeupe lililosimama peke yake kwa mazoea. Alipolibonyeza, mchwa walimwagika wakikimbia huku na huku kwenye mwanga.

Mama Ratili alikuwa anatazama kona ya mbele, kisha ya nyuma, ya mbele, ya nyuma, midomo ikicheza. Nilimwona alipofika kwenye jibu.

"Huku yameongeza," akasema taratibu. "Huku wamepunguza."

"Ndiyo, mama."

"Na jumla ikarudi palepale."

"Ndiyo hivyo."

Kutu alikuwa amekaa chini kwenye tairi. "Lakini niliifunika," akasema. "Turubai jipya. Niliifunika isinyeshewe."

"Uliifunika ikiwa imeshalowa, mzee," seremala akamwambia, bila ukali. "Mvua uliifungia ndani. Halafu magogo hayo yamekaa ardhini. Umewawekea mchwa ngazi."

"Nilitaka ikae vizuri. Ni ya shemeji yangu."

"Najua."

Seremala aliulizwa kama inafaa kutengenezwa, naye akazunguka tena kabla ya kujibu. Bati zima. Dirisha zima. Jiko, meza, mlango, vyote vizima. Fremu yote itoke. Maana yake ni kujenga kijumba kipya na kukivalisha ngozi ya zamani, na kazi hiyo haitaisha kabla ya mvua. Ukiondoka nacho hivi kilivyo?

"Shimo la kwanza utasikia mlio. La pili, dirisha litakuwa mlango."

Hapo ndipo Mama Ratili alipoanza kutembea. Yadi haikuwa kubwa. Alipita kati ya malori, akatokea nyuma ya mapipa, akarudi, akaingia kijumbani, akafunga mlango kwa ndani, klak, akakaa humo, akatoka. Kutu alimfuata kwa macho, kisha akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa mapenzi tu.

"Shemeji. Mtoto yuko mbali. Mizani imeshasema, naye amekubali. Nani atamwambia mengine? Nenda nayo masoko ya karibu tu, ya barabara nzuri. Mwakani tutabadilisha mbao pole pole."

Alinigeukia mimi.

"Wewe mgeni, umetembea. Ungefanyaje?"

Nikamwambia nimeona watu wakiishi katika vijumba vibovu kuliko hiki, miaka na miaka, tena wakicheka.

"Sikukuuliza wao wanaishije."

Upepo ulikuwa umelibeba turubai hadi kwenye ukuta wa mabati, likawa linajibamiza hapo.

"Miaka yote hii," akasema, si kwetu hasa, "natoa sumaku chini ya sahani za watu. Mtu ananiambia, mama, mizani si imesema kilo? Namwambia imesema, lakini wewe unajua kilicho chini." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa ikiwa chafu vilevile. "Nipe simu."

Mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao, kwa hiyo Kutu alimshikia simu, sauti ikiwa wazi.

"Mama? Kuna nini tena?"

"Nyumba mbovu."

"Si mizani ilisema..."

"Ilisema kweli. Mimi ndiye niliyeiuliza vibaya. Upande mmoja maji, upande wa pili mchwa. Imelingana kwa ubovu."

Kisha tukasikia watoto wengi nyuma yake wakiimba alfabeti, na mlango ukifungwa.

"Ungeweza kuninyamazia," binti akasema.

"Ba'mdogo wako kanishauri hivyo hivyo."

"Mwongo huyu!" Kutu akaruka. "Mwanangu, usimsikilize!"

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba," Kutu akasema kwa unyonge.

"Kwa hiyo unakuja, mama."

"Nakuja."

"Lini?"

"Si nimesema nakuja?"

"Mama. Unapita njia gani?"

Mama Ratili alitazama kidole gumba chake kama kina dosari. "Ya zamani."

"Ya lami ni siku moja tu!"

"Ya lami haina masoko. Kuna watu wananisubiri, mwanangu. Siwezi kupotea kama mdaiwa. Nitapita kwa kila mmoja, nitaweka mizani yake sawa, nitamwambia amtafute fundi mwingine. Wengine watalia. Yule wa shoka atalia."

"Utalala wapi?"

"Kwa watu. Nitakupa jina la mwenye nyumba kila jioni."

"Na simu yake."

"Na simu yake."

"Na kabla ya mvua uwe umefika."

Ilimgharimu, sote tulimwona ikimgharimu. "Kabla ya mvua," akasema.

Watoto walikuwa wamefika herufi za mwisho na kuanza upya. Binti alishusha sauti. "Ukija utanisaidia jambo. Mizani ya jikoni pale shuleni nadhani inadanganya. Mchele hautoshi watoto."

"Tangu lini?"

"Sijui. Muhula huu."

"Ni ya sindano au ya betri? Nani anaishika? Ukiondoa sahani inarudi sifuri, au inabaki mbele kidogo?"

"Mama, nina darasa."

"Usimwambie mpishi kitu. Usimwambie mtu!"

Simu ilikatwa. Alibaki akiitazama mkononi mwa Kutu, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kupiga ardhi.

Kijumba kiliteremshwa pikapuni. Kutu alisisitiza achukue vilivyo vizima, na kwa mara ya kwanza hakubishana naye. Jiko la gesi lilikaa kwenye kiti cha abiria, godoro likafungwa nyuma, juu yake meza ya kukunja, na mawe ya mizani yakapangwa miguuni pa jiko. Dirisha lenye pazia alilikataa, akasema hana ukuta.

"Kwa hiyo mimi nabaki," nikamwambia.

"Jiko halisemi maneno mengi. Stendi iko pale mbele, Kutu atakuonyesha. Ila usipande la asubuhi, dereva wake mwendawazimu."

Kwa Kutu alikuwa na maagizo: mbao za mchwa zichomwe leo, si kesho, kabla hawajahamia kwenye malori. Mizani yake ya chuma chakavu ataitazama akipita.

"Utapita lini tena, shemeji? Si unahamia kwa mtoto?"

"Kwani kwa mtoto wananifunga kamba?"

Alirudisha pikapu nyuma bila kutazama, watu wakaruka pembeni, akatoka getini, akasimama katikati ya barabara kuu huku malori yakimpigia honi, akichagua. Kisha akakata kushoto, kwenye njia ya vumbi.

Seremala alikuwa ameshaanza kubomoa. Aliniita nimshikie ncha moja ya ubao. Nikashika, nao ukakatikia mikononi mwangu.